Akipona Moyo, Asikiache Kidonge

Mgonjwa wa moyo anaporejea Msambweni au Diani kutoka hospitali ya Nairobi, akiwa amepasuliwa kifua na kuunganishiwa mishipa, jamaa humshukuru Mwenyezi Mungu na kudhani maradhi yamekwisha. Miezi ikipita, vidonge huonekana mzigo: mzee hana maumivu tena, na fedha ni chache. Hapo ndipo hatari inapoingia.

Upasuaji huo hauondoi lehemu, yaani mafuta yaliyoziba mishipa. Daktari huchukua mshipa wa mguuni au wa kifuani na kuufanya njia ya kando ya kupitisha damu. Lehemu ikizidi, njia hiyo nayo huziba, hasa iliyotokana na mshipa wa mguu. Dawa iitwayo statini hulizuia ini kutengeneza lehemu nyingi. Asili yake ni ukungu aliouchunguza mwanasayansi wa Japani, Akira Endo, katika miaka ya 1970. Mwaka 1994, utafiti wa nchi za Skandinavia kwa wagonjwa 4,444 wa moyo ulionyesha kuwa dawa hiyo ilipunguza vifo kwa asilimia 30. Mwaka 1997 ikabainika Marekani kwamba waliounganishiwa mishipa, lehemu yao ikishushwa sana, mishipa yao huchelewa kuharibika.

Hata hivyo, statini si kinga ya kila jambo. Madaktari walitumaini kwamba ikianzishwa siku chache kabla ya kupasuliwa, ingeukinga moyo usidhurike katika upasuaji wenyewe. Utafiti wa China kwa wagonjwa 1,922, uliochapishwa mwaka 2016, haukuona faida hiyo. Bali madhara ya figo yaliongezeka. Manufaa ya statini, basi, huja kwa subira na kudumu nayo.

Mama wa nyumba ndiye mlinzi wa kwanza. Kidonge humezwa mara moja kwa siku, hivyo aliyeruhusiwa na daktari kufunga Ramadhani anaweza kukimeza baada ya futari. Tui zito la nazi na vya kukaangwa vipunguzwe. Misuli ikiuma sana au mkojo ukiwa mweusi, mgonjwa apelekwe hospitali upesi. Mwanamke mjamzito au anayetarajia kushika mimba amweleze daktari mapema.

Kutafuta tiba ni katika mafunzo ya Mtume wetu (s.a.w.). Kuidumisha tiba iliyopatikana ni sehemu ya shukrani.