Noti Kuukuu: Tusiuze Tusichokijua

Tarehe 5 Aprili, 2025, ulikwisha muda wa miezi mitatu ambao Benki Kuu ya Tanzania iliwapa wananchi kubadilisha noti za zamani: za shilingi 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Tangu hapo noti hizo si fedha tena. Hata hivyo, hapana shaka kwamba nyingine zingalimo majumbani mwetu, Unguja na Pemba, ndani ya makasha na kurasa za vitabu, na wenyewe hawajui wazitupe au waziweke.

Jambo hili si geni visiwani. Tarehe 1 Januari, 1936, rupia ya Zanzibar iliondoka, ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki, kwa kiwango cha shilingi moja na nusu kwa kila rupia. Noti za rupia zikarudishwa Serikalini, na zilizosalia mikononi mwa watu zikawa karatasi tu. Leo noti hizo, zilizoanza kutolewa mwaka 1908 na zenye picha ya jahazi, hushindaniwa katika minada ya London kwa maelfu ya pauni. Karatasi isiyoweza tena kununua kibaba cha mchele imepata thamani mpya, kwa kuwa zimebaki chache.

Miongoni mwa wakusanyaji wa noti wako wanaotafuta hasa noti za badala. Noti ikiharibika kiwandani kabla ya kutolewa, si rahisi kuichapa upya kwa nambari ile ile, kwani mitambo imekwisha kusonga mbele. Basi mahali pake hutiwa noti nyingine kutoka fungu la akiba, yenye alama yake mahsusi, ili hesabu ya burungutu itimie. Marekani ilianza kuzitia noti hizo alama ya nyota mwaka 1910. Katika noti za Tanzania, wakusanyaji hutazama herufi ZZ mwanzoni mwa nambari.

Hapa ndipo tunapopenda kutoa tahadhari. Alama peke yake si utajiri. Marekani huchapa noti za nyota kwa mamia ya maelfu, na pengine kwa mamilioni, na nyingi kati ya hizo haziuzwi kwa zaidi sana ya bei iliyoandikwa juu yake. Thamani hutokana na mambo matatu: uchache wa noti, hali yake, na idadi ya watu wanaoitaka. Noti ya badala iliyokunjwa, kuchanika au kuandikwa kwa kalamu haiwezi kulingana na ile ambayo haijapita mkononi mwa mtu. Yupo atakayekuja kununua kwa bei ya kutupa, na yupo atakayekuja kuuza kwa bei ya dhahabu. Katika hali zote mbili, anayepunjwa ni yule asiyejua.

Kadhalika, noti iliyofungiwa sandukuni haizai faida mwaka hadi mwaka. Hulipa siku ile tu anapopatikana mnunuzi. Kwa hiyo mtu asiingize humo ada ya shule ya watoto wala fedha za mavuno ya karafuu. Na aanze kwa furaha ya kujua historia, maana hiyo haishuki bei.

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba ya karatasi, katika hewa yetu ya bahari na mvua za masika, huoza. Mwenye noti asiioshe, asiipige pasi, wala asiibandike gundi. Aiweke imenyooka, mahali pakavu, mbali na mwanga na mchwa. Kisha aandike daftarini nambari yake, mwaka wake na alikoipata, kwani mali bila daftari huisha bila habari.

Kwa viongozi wa Serikali tunayo rai. Ofisi zinapohamishwa na makabati ya zamani kusafishwa, noti na hati za fedha zisichomwe moto kabla ya kutazamwa na wataalamu wa Nyaraka na Makumbusho. Aidha, ingefaa wananchi wapate mahali pa kupeleka noti zao ili waelezwe, bila malipo, ni kitu gani walicho nacho. Rupia zetu nyingi zimekwisha kuvuka bahari, na watoto wetu wakitaka kuziona hutazama picha zake katika vitabu vya minada ya ugenini. Yatupasa tuhakikishe kuwa noti za jana hazifuati njia hiyo hiyo kwa sababu tu hakuna aliyetueleza thamani yake.