Pikapu Imeshika Tela, Gari Dogo Litafikaje?

Oktoba baridi inapoanza kuuma, barabara kuu ya I-75 nchini Marekani hujaa msafara wa aina yake. Ni pikapu kubwa zinazovuta nyumba: matela yenye vitanda, jiko na bafu, yakishuka kutoka Michigan na Ohio kwenda kuota jua la Florida mpaka Aprili. Wenyewe wengi ni wastaafu, na kwa kuwa huhama na majira, Wamarekani wamewabandika jina la ndege wa theluji. Barabara yao ina urefu wa maili 1,786, karibu kilomita 2,870, kutoka Sault Ste. Marie mpakani mwa Kanada hadi viunga vya Miami.

Pikapu inayoweza kuvuta nyumba ni mnyama mzito wa kwenda naye dukani kununua mkate. Tena, kukaa miezi sita ugenini na gari moja huleta ugomvi: mmoja ana miadi ya daktari, mwenzake ana ndoano na anawahi baharini. Ndiyo maana wengi wanataka gari dogo nalo liende. Kila vuli suala hilo huamsha mjadala mezani, maana pikapu ina mkia mmoja tu, na tela limeshaushika.

Tuchukue mume na mke wa Detroit wanaokwenda Tampa. Wana pikapu, tela la futi 30 na Toyota Corolla. Safari yao ni maili 1,180 hivi, yaani kilomita 1,900, mara mbili ya mwendo wa kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma. Corolla ina uzito wa kilo 1,350 hivi. Kwa pikapu ya kisasa kilo hizo si nyingi, kwa hiyo wazo la kwanza la mwenye gari huwa lile lile: kwa nini lisifungwe nyuma ya tela, yote yakaenda kama mabehewa ya treni?

Sababu ya kwanza iko chini ya sakafu ya tela. Fremu yake imeundwa ibebe nyumba, na viwanda vingi hukataza kabisa kufunga kitu cha kuvutwa nyuma yake. Sababu ya pili ni mizani. Ili tela la kawaida litulie barabarani, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake inatakiwa ikalie kiungo cha pikapu. Mzigo unaoning'inia nyuma ya magurudumu ya tela huinua pua yake, kama mtoto mnene anayekalia ncha ya pembea ya ubao. Pua ikishakuwa nyepesi, upepo wa lori linalopita unatosha kulitikisa tela kushoto na kulia, na mtikisiko huo ukikua dereva hana usukani wa kuuzuia. Halafu kuna kurudi nyuma. Msafara wenye viungo viwili hauna atakayeurudisha nyuma kwa usalama, na dereva aliyeingia kituo cha mafuta kisicho na njia ya kutokea atalazimika kushuka na kufungua kila kitu.

Sheria nayo ina maneno yake, na kila jimbo lina ya kwake. Michigan inamruhusu mwenye pikapu kuvuta tela la kuishi, na nyuma yake tela dogo la mashua, pikipiki au mashine za theluji. Masharti ni kwamba tela la kwanza likae juu ya kiungo kilichomo ndani ya bodi ya pikapu, na dereva awe amepata alama ya R kwenye leseni. Lakini I-75 haiishii Michigan. Inapita Ohio, Kentucky na Tennessee, kisha inaingia Georgia na Florida, ambako mtu wa kawaida haruhusiwi kuvuta matela mawili kwa mpigo. Kilichokuwa halali asubuhi ya kuondoka kinakuwa kosa kabla ya kufika Atlanta.

Wanaosafiri kwa basi la kuishi, lile lenye injini yake, wana nafuu. Mkia wao uko huru, na gari kama Jeep Wrangler, ambalo giabox ya magurudumu manne huweza kuwekwa huru, linavutwa likiwa na matairi yote chini. Mwenye pikipiki naye hana shida: anaipakia kwenye bodi ya pikapu, au ananunua tela lenye gereji nyuma. Mwenye pikapu, tela na Corolla ndiye aliyebanwa.

Amebanwa, lakini pengine jibu limeketi kando yake. Ikiwa mke na mume wote wana leseni, njia rahisi kuliko zote ni kila mmoja kushika usukani wake. Hesabu iko wazi. Corolla inayokwenda maili 35 kwa galoni itahitaji galoni 34 hivi hadi Tampa. Galoni ikiwa dola 3, mafuta ni takriban dola 100. Hata ukichukua kipimo cha mamlaka ya kodi ya Marekani kwa safari za kikazi cha mwaka 2025, senti 70 kwa maili, ambacho kinaingiza bima, matengenezo na uchakavu, jumla haifiki dola 830.

Kusafiri kwa msafara ni utaratibu wa zamani. Mwaka 1959 Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, aliongoza matela 41 kutoka Cape Town kwenda Cairo kupitia Afrika Mashariki, kila tela na gari lake la kulivuta. Kwa watu wawili wa Detroit kanuni ni chache. Tela litangulie, kwa sababu ndilo zito na ndilo linalopanga mwendo. Matairi mengi ya matela yametengenezwa kwa kasi isiyozidi maili 65 kwa saa. Gari dogo lifuate kwa nafasi ya kutosha, likiwa jicho la nyuma. Tairi la tela likipasuka, dereva wa pikapu anaweza kwenda mwendo mrefu bila kuhisi kitu, huku vipande vya mpira vikichapa na kuchana sakafu ya nyumba yake. Aliye nyuma anaona moshi mapema. Redio mbili ndogo za mkononi zinafaa kuliko simu, kwani hazitegemei mtandao wa vijijini na hazihitaji kupigwa namba.

Vituo vipangwe kwa tumbo la pikapu. Ikivuta, nyingi hushuka hadi maili 10 kwa galoni, hivyo tangi la galoni 26 linataka kujazwa kila baada ya maili 200 na ushei, wakati Corolla ingali na zaidi ya nusu. Gharama ya njia hii haionekani kwenye risiti. Hakuna wa kupokezana naye, na uchovu wa siku tatu unawapata wote wawili kwa pamoja. Kwa wenye miaka 75, mmoja macho yake yakiwa hayaoni vizuri usiku, dola zilizookolewa zinaweza kuwa ghali.

Hapo ndipo linapoingia lori la kubeba magari, lile lenye ghorofa mbili lililo wazi, ambalo huchukua magari hadi tisa au kumi. Watu wengi hupiga simu wakidhani wanaongea na mwenye lori. Mara nyingi anayepokea ni dalali. Yeye hana gari hata moja; anaiweka kazi hiyo kwenye ubao wa mtandaoni unaosomwa na madereva, naye dereva huchagua inayomlipa. Ndiyo maana aliyetaja bei ya chini kuliko wote huenda ndiye atakayekuacha ukingoja wiki nzima: kazi yake ipo ubaoni, ila hakuna anayeitaka. Majira pia yana bei. Vuli kila mtu anataka kwenda kusini, na masika kila mtu anarudi kaskazini, kwa hiyo anayeweza kusogeza tarehe zake akaepuka wimbi hilo hulipa kidogo.

Kumjua dalali na mwenye lori si kazi ngumu. Kampuni inayobeba magari ya watu kati ya majimbo lazima iwe na namba ya USDOT, na mtu yeyote anaweza kuiangalia bure kwenye tovuti ya FMCSA, idara ya serikali kuu inayosimamia usalama wa malori. Dalali naye, tangu mwaka 2013, anatakiwa kuweka dhamana ya dola 75,000. Gari likiharibika njiani, sheria iliyotokana na marekebisho ya Carmack ya mwaka 1906 inamshika msafirishaji, wala si dalali. Kwa hiyo jina linalofaa kuulizwa kabla ya kulipa chochote ni la mwenye lori, pamoja na karatasi ya bima yake.

Aliyezoea barua kumfikia mlangoni ataona tabu nyingine: mtu anayeishi kwenye tela hana mlango. Lori la magari linaweza kufika urefu wa futi 80, karibu mita 24, na kambi nyingi za matela hazina barabara ya kulipitisha. Makabidhiano hufanyika kwenye maegesho ya duka kubwa lililo karibu na barabara kuu. Wakati nao haupangiki kwa dakika. Dereva wa lori kisheria anaendesha saa 11 kwa siku na kupumzika saa 10 mfululizo, na kabla ya gari lako ana mengine ya kushusha. Corolla inaweza kufika Tampa siku mbili kabla ya wenyewe. Ni vyema kuwa na mtu huko, ndugu au jirani wa msimu uliopita, ambaye jina lake limeandikwa kuwa mpokeaji.

Kuna pia treni. Auto Train ya Amtrak huondoka Lorton, Virginia, jioni na kufika Sanford, Florida, asubuhi, maili 855, abiria wakiwa kwenye mabehewa yao na magari yao nyuma. Kampuni binafsi iliianzisha mwaka 1971, ikafilisika, na Amtrak ikaifufua mwaka 1983. Nyumba za magurudumu haizipokei, na gari haliendi bila mwenyewe kupanda. Kwa mtu wa Virginia au Pennsylvania ni mpango mzuri: mmoja anavuta tela, mwingine analala treni. Kwa wa Detroit haina maana sana, kwani Lorton iko zaidi ya maili 500 upande wa mashariki.

Njia ya mwisho ni kukodi dereva aliendeshe gari lenyewe hadi lifike. Msomaji wa Tanzania anaifahamu vizuri. Magari ya IT yanayoshushwa bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo hupelekwa mpakani na madereva wa kukodi kwa mtindo huo huo. Tofauti ni kwamba gari la IT bado halijafika mikononi mwa mwenyewe, ilhali Corolla ya Detroit ina bima ya jina la mwenyewe. Kabla ya kumpa mgeni ufunguo, kampuni ya bima iulizwe, na jibu liwe la maandishi.

Kwa wanandoa wetu wa mfano, uamuzi unategemea idadi ya madereva kuliko nguvu ya injini. Wakiwa wawili, wenye macho mazima na siku tatu au nne za kwenda polepole, waendeshe. Akiwa mmoja, wapige simu mwanzoni mwa Septemba, kabla ya wimbi. Corolla iende na robo tangi ya mafuta, bila masanduku ndani, kwa kuwa bima ya lori hailipii vitu vilivyofichwa kwenye buti. Kibandiko cha kulipia barabara kibanduliwe kwenye kioo cha mbele, la sivyo kila lango la ushuru ambalo lori litapita litamkata fedha mwenye gari. Picha za pande zote nne zipigwe mchana kabla ya gari kupakiwa. Na siku ya kupokea, hata kama ni saa nne usiku na dereva ana haraka, tochi izungushwe gari zima kabla ya kutia saini, kwa sababu mkwaruzo ambao haukuandikwa kwenye hati ya mzigo ni mgumu mno kudaiwa kesho yake.