Mtoto Wetu Ana Nini? Acheni Kulaumiana, Anzeni Safari

Saa moja kasoro asubuhi, Ngara mjini. Baba ameshavaa, anatafuta ufunguo wa pikipiki. Mama anachelewa kazini. Mtoto wao wa miaka sita ameng'ang'ania mguu wa meza, analia. Eti tumbo linamuuma, hataki shule. Jumamosi tumbo hilo haliumi! Shuleni hachezi na wenzake, kengele ikilia anaziba masikio, na ukimbadilishia kikombe chake cha chai, siku imeharibika. Lakini muulize habari za malori yanayokwenda Rusumo, atakutajia matairi na rangi mpaka uchoke mwenyewe.

Familia hii ni ya mfano tu, ila huenda umeitambua. Kinachofuata pia unakijua. Baba anasema, "Unamdekeza." Mama anajibu, "Hayo ni ya ukoo wenu." Bibi naye anataka mtoto akaombewe. Miezi inapita, na mtoto bado yuko pale pale.

Ni utundu au ni usonji?

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, na huanza utotoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 takribani mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa nao. Wapo wasioongea kabisa. Wapo pia wanaoongea na kusoma vizuri, ila mabadiliko, kelele na kuchangamana na watu huwashinda. Hawa ndio huchelewa kugundulika, kwa sababu kila mtu anadhani wana kiburi.

Wasiwasi uliopitiliza huambatana na usonji mara nyingi, lakini mtoto anaweza kuwa na wasiwasi bila usonji. Kwa hiyo usimpe mwanao jina la ugonjwa kwa kumlinganisha na mtoto wa jirani.

Jambo jingine: usonji hauletwi na malezi mabaya, laana wala chanjo. Makala ya mwaka 1998 iliyohusisha chanjo ya surua na usonji ilifutwa na jarida lililoichapisha, The Lancet, mwaka 2010. Wala si kweli kwamba Kihangaza cha nyumbani na Kiswahili cha shule "vimemchanganya" mtoto. Kama anachelewa kuongea, mpeleke apimwe masikio kwanza.

Mkaanzie wapi?

Anzeni karibu. Ngara kuna hospitali za Murgwanza na Rulenge, na Biharamulo ina hospitali yake. Msiende na neno moja tu, "msumbufu". Kwa wiki mbili andikeni kwenye daftari: alilia saa ngapi, kulitokea nini kabla, nini kilimtuliza. Muulizeni na mwalimu. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maelezo ya haraka mlangoni.

Mkihitaji bingwa, ombeni barua ya rufaa. Bugando, Mwanza, ni hospitali ya rufaa ya kanda, na ina madaktari wa watoto na wa magonjwa ya akili. Safari ni ndefu, ila siku hizi hakuna tena kusubiri kivuko Busisi; daraja la Kigongo–Busisi lilizinduliwa Juni 2025. Msiogope maneno "magonjwa ya akili". Kumuona daktari huyo hakumaanishi mtoto ni kichaa.

Halmashauri nako msipite kimya. Muulizeni afisa elimu anayeshughulikia elimu maalumu, na ofisi ya ustawi wa jamii. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda haki ya mtoto mwenye ulemavu kusoma. Mnachoomba si fadhila.

Wakati mnasubiri

Hapa ndipo wengi wetu tunakosea. Tunangoja jina la tatizo ndipo tuanze kusaidia. Msaada mwingi hauhitaji jina:

• Chora ratiba ya asubuhi kwa picha: kuoga, chai, viatu, shule. Ibandike ukutani.
• Mwambie mapema kinachobadilika. "Kesho anayekupeleka ni shangazi."
• Hofu ipunguzwe hatua kwa hatua. Wiki hii mfikishe getini, wiki ijayo mlango wa darasa, na msifie kila hatua.
• Mwombe mwalimu amkalishe mbali na kengele, na amruhusu kutoka kidogo akizidiwa.
• Fimbo weka pembeni. Mtoto anayeogopa ukimchapa, umemwongezea sababu ya kuogopa.

Na ninyi wawili je?

Mtoto mwenye wasiwasi anasikia ugomvi wa chumbani hata mkiongea kwa sauti ya chini. Kaeni chini jioni moja, simu zikiwa kimya, mgawane kazi: nani anaandika daftari, nani anaongea na mwalimu, nani anaomba ruhusa kazini kwa ajili ya Mwanza. Bibi asitengwe, mpeni kazi ya kusimamia ratiba ya picha. Anayetaka kuombea aombee, ila dawa na miadi ya daktari visiachwe.

Huenda mwisho wa safari daktari akasema ni usonji. Huenda akasema ni wasiwasi tu. Vyovyote vile, mtoto atakuwa ameshajifunza kufika getini bila kulia, na baba na mama watakuwa wamesimama upande mmoja. Hilo mnaweza kulianza kesho asubuhi, kabla hata ya kupanda basi.