Gari limepelekwa gereji, je, mwili wako?

Ni jambo la kawaida siku hizi kumwona mtu aliyevuka umri wa miaka 40 au 50, watoto wakiwa wamekua na kujitegemea, akiamua kuishika barabara kuu peke yake kwa mara ya kwanza. Maisha yake yote amesafiri kwa basi au akiwa na jamaa zake garini. Sasa anataka kutoka Mombasa hadi Malaba, mpakani mwa Uganda, safari ya zaidi ya kilomita 900, akiwa dereva na abiria wa pekee.

Sina nia ya kumkataza mtu safari kama hiyo. Tatizo ni kwamba wasafiri wa aina hii wanapofika kwenye kliniki hunieleza jinsi fundi alivyokagua breki, magurudumu na oili. Nikiwauliza presha ilipimwa lini, kimya. Gari likianza kuharibika, taa huwaka au injini hupiga kelele. Mwili wa mtu wa makamo mara nyingi hauonyeshi dalili mapema, na anayesafiri peke yake hana mwenzake wa kumwambia, "Hebu simamisha, naona unasinzia."

Usingizi ni adui mkubwa

Gari linalokwenda kasi ya kilomita 100 kwa saa husonga zaidi ya mita 110 kwa sekunde nne. Huo ni urefu unaozidi uwanja wa kandanda. Dereva akipitiwa na usingizi kwa sekunde hizo nne, gari huwa halina mtu.

Kuna nyakati mbili ambapo mwili wa binadamu hudai usingizi hata kama hutaki: kuanzia saa nane usiku hadi alfajiri, na kati ya saa nane na saa kumi mchana, hasa baada ya chakula kizito. Aidha, uchunguzi umeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hupungukiwa na wepesi wa akili na mikono sawa na aliyekunywa pombe. Kwa hiyo ukiamka saa kumi na moja alfajiri ili ufunge mizigo, ikifika saa nne usiku hufai kuwa kwenye usukani.

Kufungua dirisha au kuongeza sauti ya redio hakuondoi usingizi. Dawa yake ni kulala. Ingia kwenye kituo cha petroli au hoteli yenye askari, funga milango, kunywa kikombe cha kahawa kisha ulale dakika 15 au 20. Kahawa huchukua kama nusu saa kufanya kazi, hivyo utaamka ikiwa imeanza kukusaidia.

Iwapo unakoroma sana usiku na kusinzia mchana hata baada ya kulala saa za kutosha, mwone daktari kabla ya safari. Huenda pumzi yako hukatika usingizini, maradhi ambayo huwapata zaidi watu wa makamo na wanene, na ambayo yana tiba.

Wiki mbili kabla ya safari

Kwanza, pima presha. Ikiwa ni 180 kwa 110 au zaidi, ahirisha safari hadi itulie. Maumivu ya kifua au kukosa pumzi unapopanda ngazi pia ni sababu ya kumwona daktari kwanza.

Pili, pima macho. Baada ya miaka 40, macho huchukua muda mrefu zaidi kurudia hali yake baada ya kumulikwa na taa za trela usiku. Hiyo ni sababu nyingine ya kuendesha mchana tu.

Tatu, mwonyeshe daktari dawa zote unazotumia. Baadhi ya dawa za mafua na za kujikuna huleta usingizi, nazo huuzwa bila cheti cha daktari. Wengine huacha kumeza tembe za presha zinazoongeza mkojo, wakihofia kusimama kila mara njiani. Usifanye hivyo. Daktari anaweza kukubadilishia saa ya kuzimeza.

Nne, wenye kisukari wanaotumia insulini au tembe za kushusha sukari wapime kabla ya kuondoka na kila baada ya saa mbili. Kipimo kikiwa chini ya 5, kula kwanza. Kikiwa chini ya 4, usiendeshe kabisa. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho na kuona ukungu ukiwa njiani, egesha gari, zima injini na unywe soda yenye sukari. Hata kipimo kikipanda tena, subiri dakika 45, kwa maana akili hukawia kurudi sawasawa. Insulini isiachwe kwenye buti au juu ya dashibodi katika joto la Voi na Mtito Andei.

Igawe safari

Usiipangie safari hii siku moja. Mombasa hadi Nairobi ni takriban kilomita 480, nazo zatosha siku ya kwanza. Ondoka kukipambazuka, upumzike Voi, Mtito Andei na Emali. Lala Nairobi. Siku ya pili nenda Eldoret, ukisimama Naivasha na Nakuru. Siku ya tatu umalizie Malaba. Kumbuka kwamba umetoka usawa wa bahari na Timboroa ni zaidi ya mita 2,700 juu, penye baridi, mvua na ukungu. Beba sweta.

Kila baada ya saa mbili shuka utembee dakika kumi na unywe maji. Kukaa kitako kwa muda mrefu kunaweza kugandisha damu katika mishipa ya miguu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au ukikosa pumzi ghafla hata siku kadhaa baada ya kufika, kimbilia hospitali.

Kisha kuna malaria. Wakazi wengi wa Nairobi huamini kwamba kwa kuwa walizaliwa Pwani au Magharibi, malaria haiwawezi. Ukikaa mjini miaka mingi, kinga hiyo hupungua. Muulize daktari kuhusu dawa za kuzuia malaria, lala ndani ya chandarua, na ukipata homa baada ya kurudi, hata kama ni majuma kadhaa, mweleze daktari ulikokuwa.

Hatimaye, andika kwenye karatasi jina lako, maradhi yako, dawa zako na nambari ya simu ya jamaa, uiweke kwenye pochi pamoja na leseni. Mpe jamaa huyo ratiba yako na umpigie ukifika kila kituo. Mweleze mapema kwamba ukichoka utalala popote ulipofika, hata kama ni kilomita 50 kabla ya mji uliokusudia, ili asikuharakishe kwa simu. Kawia ufike.