Mafuta ya Kichwani katika Baridi ya Ufipa

Mgeni afikaye Kaengesa katika mwezi wa Juni au Julai, hasa akiwa ametoka pwani, ambako hewa yenyewe hubeba maji na ngozi haijui taabu ya kukauka, hulakiwa na upepo mkavu wa kipupwe ambao hupasua midomo, huparua migongo ya mikono, na kuzifanya nywele kichwani ziwe kavu kama majani ya mahindi yaliyosahauliwa shambani baada ya mavuno. Sehemu kubwa ya uwanda wa Ufipa imeinuka kupita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mvua zikishakatika mwezi wa Aprili au Mei, hakuna tone la kutegemewa hadi Novemba. Katika miezi hiyo akina mama wa huku huanza kulalamika kwamba nywele zinakatika, na kila jirani huwa na dawa yake ya kuagiza: huyu nyonyo, yule parachichi, mwingine yai bichi. Baadhi ya dawa hizo zina faida ya hakika, na baadhi ni gharama tupu; kuzipambanua si kazi ngumu kwa mtu aliyekwisha kufahamu tabia ya unywele wenyewe.

Unywele uonekanao juu ya ngozi hauna uhai. Hauna damu wala hisia, na ndiyo sababu kinyozi huukata wala mtu asiumie. Uhai wake umo katika shina lililozama ndani ya ngozi, ambalo husukuma nje kiasi cha sentimita moja na robo kwa mwezi. Kwa hiyo yeyote atuambiaye kwamba majani fulani, yakipakwa, huzilisha nywele zikanenepa, yuko mbali na ukweli, kwa kuwa kitu kisicho hai hakili. Lakini kitu kisicho hai huweza kuhifadhiwa. Unywele umefunikwa kwa magamba madogo sana yaliyopangwa moja juu ya jingine: yakilala, nywele huwa laini na zenye kung'aa, yakisimama, hushikana, hufungana mafundo na kukatika. Tena ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake ya asili, ambayo juu ya nywele za singa huteleza hadi nchani bila taabu, ilhali juu ya nywele za kipilipili kila pindo ni kizuizi, hata shina likawa na mafuta ya kutosha na ncha zikabaki na kiu.

Kiu hiyo ni kiu ya maji, wala si ya mafuta, na hili ndilo jambo ambalo wengi hulikosea. Mafuta hayana maji ndani yake. Kazi yake ni kuyafunga yaliyokwisha kuingia yasitoroke. Apakaye mafuta juu ya nywele kavu asubuhi ya kipupwe amefunga mlango wa nyumba isiyo na mtu. Utaratibu ulio mwema ni kuzilowesha kwanza kwa maji vuguvugu, kuzikausha kidogo kwa kitambaa pasipo kuzisugua, kisha kuzipaka zingali na unyevu, fungu kwa fungu, mkono ukishuka mpaka nchani, na usiku kuzifunika kwa kitambaa laini ili mto usizinyonye.

Kuhusu mafuta yenyewe, Ufipa si maskini. Mnyonyo huota kandokando ya nyumba bila kupandwa, na njia ya kuyapata mafuta yake ni ya zamani: mbegu zilizomenywa hukaangwa chunguni kwa moto mdogo hata zigeuke rangi, hutwangwa kinuni zikawa rojo zito, kisha rojo hilo huchemshwa katika maji mengi, na mafuta huelea juu yakaenguliwa kwa upawa polepole na kuchemshwa tena mpaka sauti ya maji ikome. Mbegu mbichi zina sumu kali iitwayo risini, na mtoto azitafunaye yumo hatarini kwelikweli. Lakini sumu hiyo haiyeyuki katika mafuta, hubaki katika mashudu, nayo moto huiharibu. Mafuta yapatikanayo ni mazito, hunata, na hayabanduki upesi, kwa hivyo hufaa sana kwa ncha za nywele wakati wa upepo. Apakaye mengi, hata hivyo, atakusanya vumbi lote la njiani. Husifiwa pia kwamba huotesha nywele penye upara. Sifa hiyo haina ithibati.

Alizeti ndiyo mali ya mikoa hii, na mashine za kuikamua hazipo mbali. Mwaka 2003 wataalamu wawili wa India, Aarti Rele na R. B. Mohile, walitangaza matokeo ya kulinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini, wakaona kwamba ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini ya nywele, yakipakwa kabla ya kuosha au baada yake. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo chembe zake ni ndogo na zilizonyooka, zikapenya ndani ya unywele. Za alizeti hubaki nje. Mnazi hauoti katika baridi yetu, na chupa itokayo pwani ina bei yake. Basi mwenye kichupa cha nazi akitumie usiku wa kuamkia siku ya kuosha, na alizeti aiwekee kazi ya kufunga maji baada ya kuosha, kazi ambayo huitenda vizuri bila kuhitaji kupenya popote.

Mengineyo nitayapita kwa haraka. Parachichi lina mafuta mema, ila likipondwa vibaya mtu atashinda siku nzima akiokota vipande kichwani, nami naona heri aliye nalo alile. Protini ya yai ni kubwa mno kupenya unywele mzima. Kiini chake hulainisha kwa mafuta yake tu, na aoshaye kwa maji ya moto atalipika humo humo. Ndimu chache katika maji mengi hulaza magamba, lakini ndimu tupu huunguza ngozi, hasa juani. Magadi husimamisha magamba, na sabuni ya mche, ambayo wengi huoshea kichwa kwa kuwa ipo karibu, hufanya vivyo hivyo. Watu wa pwani na wa Omani hutumia majani ya mkunazi yaliyotwangwa, ambayo hutoa povu na kusafisha kwa upole.

Msusi naye ana sehemu yake. Kusuka kwa uzi hunyoosha nywele bila moto wala dawa kali, na twende kilioni, kwa wepesi wake, haimchoshi mtu. Balaa huja msusi anapovuta mpaka macho yakapanda. Mashina ya kandokando ya paji la uso yakivutwa hivyo miaka kwa miaka hufa, yakaacha kovu, na hapo hakuna mafuta yatakayosaidia.

Na mtoto mwenye mapunye asipakwe nyonyo wala kitunguu. Hayo ni maradhi ya kuvu waliozama ndani ya unywele, ambako dawa ya kupaka haiwafikii. Apelekwe zahanati apewe vidonge vya kumeza kwa wiki kadhaa, kitana chake kitengwe, na mashine ya kinyozi isafishwe kwa dawa kabla haijagusa kichwa cha mwenziwe.