Umesoma kwa Nani? Walimu Wanaowafunza Viongozi wa Afya ya Umma

Katika vyuo vyetu vya Qur'ani na darasa za misikitini, mtu anapojitokeza kusomesha, suala la kwanza analoulizwa si idadi ya vitabu alivyovimaliza. Huulizwa: umesoma kwa nani? Na huyo mwalimu wako naye alisoma kwa nani? Sanadi hufuatwa mtu kwa mtu, na asiyekuwa nayo, hata akiwa na ulimi mtamu, husikilizwa kwa tahadhari. Desturi hii tumeirithi kwa wazee wetu, na tunaona yafaa kuipeleka mahali ambapo wengi wetu hatujazoea kuipeleka, yaani katika masomo ya uongozi wa afya ya umma.

Twalisema hili kwa kuwa masomo hayo yamekwisha kuingia majumbani mwetu. Vijana waliomaliza uuguzi, maabara, hata biashara, wanarudi nyumbani na karatasi za maombi ya shahada ya uzamili, na wazazi wanaulizana wauze nini ili karo ipatikane. Karatasi zile hueleza majengo, maktaba na muda wa masomo. Walimu hutajwa kwa majina na shahada zao, basi. Walifanya kazi gani kabla ya kusimama mbele ya darasa, na walibeba dhamana ya nani, hayo mara nyingi hayaandikwi.

Suala hili ni zito kwa sababu afya ya umma si sawa na tiba. Tabibu humtazama mgonjwa aliye mbele yake. Anayeongoza afya ya umma hutazama maji ya mji mzima, chanjo ya watoto ambao hatawaona maishani mwake, fedha za dawa za mwaka ujao, na uvumi unaotembea sokoni. Kosa la tabibu huumiza mtu mmoja, na la huyu wa pili huweza kuumiza wilaya. Wasomaji wetu wanakijua kisa cha Sayyidna Umar (R.A.) alipofika Sargh akielekea Sham, akapewa habari kwamba tauni imeingia nchini. Aliwaita Muhajirina, kisha Ansari, wakahitilafiana. Halafu akawaita wazee wa Kikureshi waliohama wakati wa ufunguzi wa Makka, nao wakakubaliana kwamba arudi na watu wake. Hakuwakusanya wote pamoja wakapiga kelele. Aliwaita kundi kwa kundi, kwa kadiri ya waliyoyapitia.

Tuchukue mfano wa zama zetu, tena wa karibu. Kaskazini mwa Rwanda, katika wilaya ya Burera inayopakana na Uganda, pana mahali pa milima paitwapo Butaro. Wilaya ile ilikuwa na watu zaidi ya laki tatu wasio na hospitali ya wilaya. Mnamo Januari 2011 ilifunguliwa pale hospitali ya vitanda 150, ambayo kuta zake ni za mawe ya volkano yaliyochongwa na waashi wenyeji, na mwaka wa 2012 ikaongezewa kituo cha kutibu saratani. Jirani na hospitali hiyo ndipo ilipo kampasi ya Chuo Kikuu cha Usawa wa Afya Duniani. Chuo kilianza 2015 kwa shahada ya uzamili inayohusu namna ya kuwafikishia watu huduma za afya. Mwanafunzi wake akitaka kujua wodi inaendeshwaje, hutembea kwa miguu.

Sasa tuulize sanadi. Aliyekiongoza chuo hicho kuanzia 2017 hadi 2022 ni Profesa Agnes Binagwaho, daktari wa watoto. Alizaliwa Rwanda, akakulia na kusomea udaktari Ubelgiji, kisha akachukua ubingwa wa maradhi ya watoto Ufaransa. Alirejea kwao 1996, miaka 2 tu baada ya mauaji ya kimbari, akawatibu watoto katika hospitali za umma. Mwaka wa 2002 alipewa kuendesha tume ya taifa ya kupambana na Ukimwi, 2008 akawa katibu mkuu wa Wizara ya Afya, na kuanzia 2011 hadi 2016 alikuwa waziri. Katika mwaka huo wa 2011 Rwanda ikawa nchi ya kwanza barani Afrika kuwa na mpango wa taifa wa kuwachanja wasichana dhidi ya kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Jambo lililotupendeza zaidi ni hili: akiwa bado waziri, alikuwa mwanafunzi wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha Rwanda, akahitimu 2014. Waziri anayekubali kusahihishiwa kazi zake na walimu si jambo tunalolisikia kila siku.

Mtu huyo akifundisha habari ya bajeti, anazungumzia fedha alizokwisha kuzitilia saini. Akizungumzia chanjo, anajua ni nani aliyepinga, na kwa maneno gani, na nini kilimtuliza.

Mwenzake katika kukianzisha chuo alikuwa Paul Farmer wa Marekani, aliyekuwa chansela. Huyu alibeba elimu mbili, udaktari na anthropolojia, yaani elimu ya mila na maisha ya watu, zote kutoka Harvard. Lakini miaka ya masomo yake aliigawa baina ya Harvard na Cange, kijiji maskini cha Haiti, na 1987 yeye na wenziwe wakaanzisha shirika la Partners In Health. Walichokifanya kule ni chepesi kukieleza na kigumu kukitenda. Mgonjwa wa kifua kikuu alipewa jirani wa kijiji hichohicho, aliyefunzwa na kulipwa, wa kumtembelea kila siku mpaka dawa ziishe. Kwa nini mgonjwa huacha dawa? Daktari wa kawaida husema ni ukaidi. Farmer aliuliza kama mgonjwa amekula, na kama ana nauli. Alifariki hapo hapo Butaro tarehe 21 Februari 2022, akiwa na umri wa miaka 62.

Wako pia waliojifunza uongozi mahali ambapo hakuna chuo kingepatia cheti. William Foege, aliyekuja kukiongoza kituo cha Marekani cha kudhibiti maradhi, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Emory, alikuwa kijana akifanya kazi ya kuzima moto wa misitu. Mwaka wa 1966 alikuwa daktari wa misheni mashariki mwa Nigeria, ndui ikalipuka na chanjo haikutosha watu wote. Alikumbuka alivyofunzwa msituni: mtenge moto na kuni, utazimika. Wakatafutwa wagonjwa walipo, wakachanjwa waliowazunguka, na moto ule ukakosa pa kwenda. Njia hiyo ndiyo iliyotumika ulimwenguni chini ya D. A. Henderson, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa kitivo cha afya ya umma cha Johns Hopkins. Mtu wa mwisho kuugua ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali, Ali Maow Maalin, katika mji wa Merca, pwani hii hii yetu upande wa Somalia, mnamo Oktoba 1977.

Na hapa Kenya tunaye Profesa Miriam Were, mzaliwa wa Kakamega. Alianza na ualimu wa shule, na stashahada yake ya ualimu ni ya Makerere. Baadaye ndipo akasomea udaktari Nairobi, kisha afya ya umma Johns Hopkins, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Katika miaka ya 1970 alikwenda vijijini Kakamega na kuwaachia wanakijiji, kina mama hasa, wachague wenyewe watakaowahudumia kwa afya. Sisi twaona ni ule ualimu wa kwanza uliofanya kazi pale, kwani mwalimu mzuri humwacha mwanafunzi aseme. Mwaka wa 2008 Japani ilimpa tuzo ya Hideyo Noguchi. Fikra aliyoipigania ndiyo iliyo nyuma ya wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 ambao serikali ilizindua mpango wao Septemba 2023, na baadhi yao ndio wanaopiga hodi milangoni petu.

Hatusemi shahada hazina maana. Hesabu za maradhi, namna ya kupima kama dawa imefaa au bahati tu, hayo hayapatikani kwa uzoefu peke yake, na mtu aliyekaa ofisini miaka 30 huenda alirudia kosa moja miaka 30.

Basi mzazi ambaye mwanawe au bintiye ameleta karatasi za maombi, kabla ya kuuza kiwanja, na aulize mambo machache. Walimu wa somo la uongozi wamewahi kuendesha zahanati, hospitali, idara ya kaunti au kampeni ya chanjo? Yuko miongoni mwao muuguzi, au wote ni madaktari? Yuko anayejua fedha, na anayejua mila za watu? Wanafunzi hupelekwa wapi nje ya darasa, na kwa muda gani? Kuuliza hivi si utovu wa adabu, na chuo chenye walimu wa namna hiyo hufurahi kuulizwa. Afisa wa usajili akiwa hana jibu, aombwe kuwakutanisha na mwalimu mwenyewe, na karo ingoje mpaka hapo.