Sura za Herufi Katika Notepad

Miongoni mwa programu zote zilizomo katika kompyuta ya Windows, hapana iliyo nyepesi na isiyo na makuu kama Notepad, ambayo imekuwamo tangu toleo la kwanza la mwaka 1985, na ambayo karani, mwanafunzi na mwenye duka huiendea kila atakapo kuandika jambo upesi pasipo mapambo. Aifunguaye hukuta fonti, yaani sura ya herufi, ambayo hakuichagua yeye; na aghalabu huishi nayo miaka mingi akidhani kuwa ni sharti, ilhali ni ada tu iliyowekwa na watengenezaji, nayo yatenguka kwa dakika moja.

Ada yenyewe imekwisha kubadilika. Zama za Windows 95 ilikuwa Fixedsys, herufi nene zilizojengwa kwa vitone ili zisomeke katika vioo hafifu vya wakati ule. Ikafuata Lucida Console, kazi ya Charles Bigelow na Kris Holmes. Na leo ni Consolas, iliyochorwa na Mholanzi Lucas de Groot na kuletwa pamoja na Windows Vista mwaka 2007. Zote tatu zina tabia moja, kwamba kila herufi hupewa nafasi sawa na mwenziwe, hata "i" iliyokonda ikapata upana ule ule wa "m". Huo ni urithi wa mashine za kupigia chapa, ambazo karatasi yake ilisogea hatua moja isiyobadilika kwa kila herufi iliyopigwa.

Wala urithi huo hauna hasara kwa mwenye kuandika programu au orodha ya bei, maana safu zake husimama wima bila kupindika. Tena sifuri ya Consolas imekatwa kwa mstari isichanganywe na herufi "O", jambo lenye manufaa makubwa kwa anakiliye nambari za siri. Lakini kwa nathari ndefu, kwa rai yangu, huchosha macho: neno "ng'ombe" huonekana kama limekatwa vipande viwili, kwa kuwa ritifaa nayo imepewa nafasi ya herufi kamili!

Lililo muhimu zaidi, na ambalo wengi hawalitambui, ni kwamba fonti haimo ndani ya faili. Faili ya .txt haihifadhi ila herufi zenyewe, nafasi zake na miisho ya mistari. Fonti hukaa katika mipangilio ya kompyuta, mfano wa miwani iliyo usoni pa msomaji. Ukiandika kwa herufi kubwa za kipimo cha 20, kisha ukampelekea nduguyo aliyeko Maskati, yeye ataisoma kwa fonti ya kompyuta yake. Ndiyo sababu ukibadilisha fonti hugeuka ukurasa mzima, si kichwa peke yake. Na lau maandishi yana herufi zisizokuwamo katika fonti uliyoichagua, mathalani Kiswahili kilichoandikwa kwa hati ya Kiarabu, kompyuta huazima kwa fonti nyingine; isipopata, huchora kisanduku kitupu, ingawa maandishi yenyewe hayakupotea.

Kubadilisha si kazi. Katika Windows 10 hufunguliwa menyu ya Format, kisha Font; katika Windows 11 hubonyezwa alama ya gurudumu lenye meno, juu upande wa kulia. Hapo huchaguliwa jina la fonti, unene au mlalo wake, na kipimo, ambacho kwa kawaida ni 11. Mtu mzima ambaye macho yamemfifia na achague 14 au 16 bila haya. Apendaye kusoma habari ndefu na ajaribu Georgia au Verdana, ambazo Matthew Carter alizichora mahususi kwa ajili ya kusomwa katika kioo cha kompyuta. Ama atakaye kila aya iwe na fonti yake, huyo na aende kwenye Word, kwani Notepad haikuundwa kwa kazi hiyo.